Mtoto Asiyesikia Hupotelea Kati ya Kliniki na Darasa

Wakati wa likizo ya Agosti nilikuwa nikiwafundisha walimu waliokuja chuoni kujiendeleza. Somo lenyewe lilikuwa upataji wa lugha, na tulikuwa tumefika mahali ambapo mhadhiri wa isimu hupenda kujitapa kidogo, pale anapoeleza jinsi mtoto mchanga, asiyejua hata kushika kijiko, anavyozichambua sauti za lugha ya mama yake kwa ustadi ambao sisi wenye shahada tunaukosa. Mwalimu mmoja, mama wa makamo ambaye hufundisha shule ya msingi huko mashambani, akainua mkono na kuuliza: "Na yule asiyesikia, mwalimu, saa yake huanza lini?"

Nilimjibu kama vitabu vinavyosema. Darasa likaandika, saa ikaisha, tukatawanyika. Hata hivyo swali lile lilinifuata hadi nyumbani, kwa maana ninalo jibu jingine lisilo la vitabuni, na kwa miaka sita nimekuwa nikilikwepa. Leo naomba wasomaji wa safu hii, hasa walimu wenzangu na wanafunzi, wanivumilie nilitoe.

Dada yangu mdogo alijifungua mtoto wa kiume katika hospitali moja ya umma ambayo sitaitaja. Siku ya tatu macho na ngozi ya mtoto viligeuka manjano kupita kiasi. Akalazwa siku tisa chini ya taa za buluu, akadungwa na sindano za kuua viini. Alipopona, mama na mwana waliruhusiwa kwenda nyumbani, na pamoja na kijitabu cha kliniki wakapewa kipande cha karatasi kilichoandikwa: "Kapimwe masikio baada ya wiki 6." Chini yake palikuwa na sahihi isiyosomeka. Karatasi hiyo nimeiona kwa macho yangu. Haina jina la mpimaji, haina tarehe ya miadi, haina nambari ya simu ya hospitali wala ya mama.

Wiki ya sita dada yangu alikwenda. Akaambiwa mtaalamu huja Jumanne. Akarudi Jumanne, akaambiwa mtaalamu yumo semina. Akarudi mara ya tatu, na safari hii mtaalamu alikuwapo ila mashine ilikuwa imepelekwa kutengenezwa. Kila safari ilimla nauli ya matatu mawili kwenda na mawili kurudi, na shughuli ya kibanda chake cha mboga ikalala siku nzima. Hakwenda mara ya nne. Ni nani angekwenda?

Mtoto alipotimiza miezi minane, dada yangu alinipigia simu jioni. "Kaka," akasema, "wewe ndiwe msomi wa lugha katika ukoo huu. Mbona huyu mtoto haigi sauti? Mwenziwe wa jirani anasema 'ba-ba-ba' kutwa nzima. Huyu alikuwa akitoa sauti, sasa naona kama amenyamaza." Nami, mwenye shahada ya uzamifu katika isimu, niliyewahi kuandika kurasa kadhaa juu ya hatua za ubwabwaji wa watoto, nilimjibu hivi: "Dada, usijitie wasiwasi. Watoto hutofautiana. Wavulana huchelewa kusema." Akashukuru, maana alikuwa amesikia neno la mtu aliyesoma.

Uziwi wa mpwa wangu uligunduliwa akiwa na miaka mitatu na miezi minne, na aliyeugundua hakuwa daktari wala mjomba wake. Alikuwa mwalimu wa chekechea aliyetambua kwamba mtoto huyu hugeuka pale tu mlango unapobamizwa au mtu anapokanyaga sakafu ya mbao, ila jina lake likiitwa hatingishiki. Mwalimu yule hakuwa na kifaa chochote. Alikuwa na macho, na alikuwa na ujasiri wa kumwambia mzazi jambo ambalo mzazi hakutaka kulisikia.

Sina budi kueleza ni kwa nini miaka mitatu na ushei ni hasara kubwa namna hiyo, kwa sababu bado wako watu, na baadhi yao ni wasomi, wanaodhani kwamba mtoto kiziwi ataanza lugha pale atakapopelekwa shule. Mtoto mwenye kusikia huanza kuisikia sauti ya mama yake angali tumboni, miezi ya mwisho ya ujauzito. Mwaka wa 1984 watafiti Janet Werker na Richard Tees, wakifanya kazi Kanada, walionyesha kwamba watoto wa miezi sita hadi minane waliozungukwa na Kiingereza waliweza kupambanua sauti za Kihindi na za lugha moja ya wenyeji asilia wa Kanada ambazo wazazi wao hawakuweza kuzipambanua kamwe. Lakini walipofika miezi kumi hadi kumi na miwili uwezo huo ulikuwa umefifia. Maana yake ni kwamba kabla mtoto hajasema neno lake la kwanza, bongo lake limekwisha kuanza kujifunga katika lugha inayomzunguka. Ikiwa hakuna lugha inayomfikia, kazi hiyo haingoji.

Naomba msomaji atambue kwamba nimesema lugha, sikusema sauti. Mwaka wa 1991 Laura-Ann Petitto na Paula Marentette walichapisha uchunguzi juu ya watoto wawili viziwi ambao wazazi wao pia ni viziwi na huzungumza kwa ishara. Watoto hao walibwabwaja kwa mikono. Walifinyangafinyanga vipande vya ishara visivyo na maana, kwa mpangilio na mdundo, kama vile mtoto mwingine afinyangavyo silabi mdomoni. Kwa mwanaisimu, hiyo ni mojawapo ya habari za kupendeza kabisa zilizotokea katika taaluma yetu karne iliyopita. Uwezo wa lugha haujali mlango utakaoingilia, mradi mlango ufunguliwe mapema.

Na mapema hiyo ni lini hasa? Mwaka wa 1998 Christine Yoshinaga-Itano na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto 150 wenye upungufu wa kusikia katika jimbo la Colorado, Marekani. Watoto 72 walikuwa wamegunduliwa kabla ya kutimiza miezi sita, na 78 baadaye. Wale wa kwanza waliwazidi wenzao kwa mbali katika lugha, na tofauti hiyo ilionekana iwe mtoto anatumia ishara au sauti, iwe upungufu wake ni mdogo au mkubwa, iwe jamaa zake ni matajiri au maskini. Miezi sita! Mpwa wangu alikuwa na minane siku niliyomwambia mama yake asijitie wasiwasi.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni ya nchi tajiri, na kwamba sisi hatuna mashine. Si kweli kabisa kwamba tatizo ni mashine. David Kemp, mwanafizikia wa London, alionyesha mwaka wa 1978 kwamba sikio lenye afya halipokei sauti tu, bali hurudisha mwangwi mdogo sana unaoweza kunaswa kwa kipaza sauti kinachotiwa tunduni mwa sikio. Ugunduzi huo ndio uliozaa vifaa vidogo vya mkononi vinavyompima mtoto mchanga akiwa amelala, kwa dakika chache, bila maumivu. Kipo na kipimo cha pili kinachosoma jinsi neva na shina la ubongo vinavyoitika sauti. Mtoto aliyewahi kugeuka manjano kupita kiasi yafaa apimwe kwa hicho cha pili, kwa sababu yaweza kutokea mwangwi wa sikio ukawa mzima ilhali njia ya kuelekea ubongoni imeharibika. Hospitali zetu kubwa zinavijua vifaa hivi, na mwaka wa 2016 Wizara ya Afya ilikuwa na mkakati wa kitaifa wa kushughulikia maradhi ya masikio na usikivu hadi 2020. Hatukosi maarifa wala hati.

Tunachokosa tunaweza kukiona vizuri kwa kuitazama nchi ambayo mashine hazikuisumbua. Kuanzia mwaka wa 1999 serikali ya Marekani ilitenga fedha za kuyasaidia majimbo kuwapima watoto wote wanaozaliwa. Mwaka wa 2000 kamati ya wataalamu wa nchi hiyo ikasisitiza utaratibu unaofahamika kwa tarakimu tatu: moja, tatu, sita. Mtoto apimwe kabla ya mwezi mmoja, uziwi uthibitishwe kabla ya miezi mitatu, na msaada uanze kabla ya miezi sita. Haikuchukua miaka mingi kabla ya karibu watoto wote kuwa wanapimwa hospitalini. Lakini zilipohesabiwa takwimu za mwaka wa 2007, ilionekana kwamba karibu nusu ya watoto ambao hawakupita kipimo cha kwanza hawakujulikana walikoishia. Baadhi hawakurudi. Wengine walirudi wakahudumiwa, lakini aliyewahudumia hakumwarifu aliyewapima. Katika daftari wote walikuwa kitu kimoja: wamepotea.

Nchi yenye mali yote ile ilikuwa ikiwapoteza watoto kwa sababu ileile iliyompoteza mpwa wangu. Muuguzi alifanya kazi yake akamaliza. Mpimaji alikaa ofisini mwake akingoja. Daktari wa mtoto hakuambiwa, na mwalimu hakujua hata kwamba mtoto huyo yuko duniani. Kila mmoja ukimwuliza atakuonyesha kwamba sehemu yake aliitimiza, na atakuwa anasema kweli.

Jinsi walivyoanza kuliziba pengo hilo inanivutia kuliko takwimu zenyewe. Shirika la NICHQ liliyakusanya majimbo kadhaa, likawaketisha pamoja wauguzi, wapimaji, madaktari, watu wa huduma za watoto wadogo na wazazi wenyewe, na kila kundi likatakiwa kujaribu mabadiliko madogomadogo na kuwaeleza wenzake yaliyofaa na yasiyofaa. Hawakugundua dawa mpya. Waligundua kwamba inafaa kuchukua nambari ya simu ya mtu wa pili, kama nyanya au jirani, kwa sababu simu ya mama huzimwa au hubadilishwa. Kwamba miadi ifungwe kabla mama hajatoka hospitalini, isiwe yeye ndiye wa kuitafuta. Kwamba apigiwe simu siku chache kabla ya miadi. Kwamba palipo na foleni ndefu afungiwe miadi miwili kwa mpigo, ili ya kwanza ikiharibika ya pili iwepo. Kwamba mpimaji atume karatasi ya majibu kwa daktari na daktari arudishe karatasi hiyo akithibitisha kuipokea. Na kwamba maneno anayoambiwa mama yaandikwe mapema, yasiachiwe hisia za muuguzi wa zamu.

Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nikae kitako kama mwanaisimu. Mtoto asipopita kipimo, muuguzi mwenye huruma humwambia mama: "Huenda ni majimaji tu masikioni, usijali." Aghalabu ni kweli ni majimaji. Lakini mama anayeambiwa asijali hatapanda matatu mawili. Muuguzi mwingine aliyechoka husema: "Mtoto amefeli." Mama huyo naye hatarudi, maana hakuna mzazi atakaye kurudi mahali ambapo mwanawe wa siku mbili ametangazwa kuwa amefeli. Baina ya maneno hayo mawili yapo ya tatu, nami nayaandika hapa kwa yeyote atakayeyataka: "Mama, leo mtoto hakupita kipimo cha masikio. Haina maana kwamba ni kiziwi. Maana yake ni kwamba bado hatujui, na ni lazima tujue kabla hajatimiza miezi mitatu. Siku yake ni tarehe hii, saa hii, na atakayekupokea anaitwa fulani." Maneno haya hayana gharama. Yatafsiriwe kwa Kikamba, kwa Kiluo, kwa Kisomali, kwa Kipokomo. Hiyo ni kazi ya wanafunzi wetu wa isimu kwa alasiri moja.

Nikirudi hapa nyumbani, naona kwamba tumejijengea pengo letu wenyewe kwa mkono wa sheria. Tangu ugatuzi uanze mwaka wa 2013, hospitali nyingi ziko chini ya serikali za kaunti. Elimu ya chekechea nayo ni ya kaunti. Lakini shule za msingi, zikiwemo shule za viziwi, ni za serikali ya kitaifa, na vile vituo vya kuwachunguza watoto wenye mahitaji maalumu ambavyo vilianza katikati ya miaka ya 1980 viko chini ya Wizara ya Elimu. Basi mtoto kiziwi wa Kenya huzaliwa kaunti, akachunguzwa kitaifa, akaanza chekechea kaunti, akaingia darasa la kwanza kitaifa. Mtu mzima mwenye miguu na nauli angechoka na safari hiyo. Sembuse mtoto mchanga.

Ajabu ni kwamba tunayo njia moja ambayo karibu kila mama huifuata bila kusukumwa, nayo ni njia ya chanjo. Mtoto huchanjwa anapozaliwa, kisha hurudi wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne, halafu miezi tisa. Wiki ya kumi na nne ni miezi mitatu na siku chache. Kwa hiyo ratiba ya moja, tatu, sita imelala kando ya ratiba ya sindano, karibu kila kituo chake kikiwa na siku ya kliniki. Huko Lagos, Nigeria, Dakta Bolajoko Olusanya na wenzake walionyesha tangu miaka ya 2000 kwamba watoto waweza kupimwa masikio katika kliniki za chanjo ya kifua kikuu, hivyo kuwafikia hata wale waliozaliwa nyumbani. Afrika ya Kusini nako wataalamu wamefanya kazi kama hiyo katika kliniki za chanjo. Kijitabu cha mama na mtoto tunacho, na akina mama wetu hukitunza kama hati ya shamba. Laiti ile karatasi ya dada yangu ingalikuwa ukurasa ndani ya kijitabu hicho, wenye mraba usiojazwa, muuguzi wa wiki ya kumi angaliuona na kuuliza.

Nazungumzia pia nguvu nyingine iliyokwisha kulipiwa. Mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahamasishaji 100,000 wa afya ya jamii, wakapewa mikoba ya vifaa na simu za kuandikia habari za nyumba wanazozitembelea. Mhamasishaji hupita mlangoni pa mama ambaye hospitali imekwisha kumsahau. Akipewa orodha ya watoto watano katika kata yake ambao hawajarudi kupimwa masikio, atawapata kabla ya jioni, kwa kuwa anawajua kwa majina ya bibi zao. Lakini ni nani atakayempa orodha hiyo? Hapo ndipo penye kidonda. Daftari la wadi ya watoto wachanga halizungumzi na simu ya mhamasishaji, na hakuna mtu hata mmoja ambaye mshahara wake unategemea mazungumzo hayo.

Nimewahi kusikia hoja ya kupinga, tena kutoka kwa daktari ninayemheshimu, kwamba kumpima mtoto mahali pasipo na huduma ni ukatili, kwa sababu unampa mzazi huzuni bila dawa. Hoja hii siidharau. Vifaa vya kusaidia kusikia ni ghali, betri zake huisha, na upasuaji wa kupandikiza kifaa cha ndani ya sikio ni ndoto kwa mfanyakazi wa kawaida. Lakini hoja hiyo imejengwa juu ya dhana kwamba dawa ya uziwi ni sauti tu. Mzazi anayejua ukweli mwezi wa tatu anaweza kuanza lugha mwezi wa nne, maana mikono anayo. Anachohitaji ni mtu wa kumfundisha.

Na hapa taaluma yangu ina deni. Kwa muda mrefu shule zetu za viziwi, kuanzia zile za Mumias na Nyang'oma zilizofunguliwa mwaka wa 1961, zilifuata mtindo wa kumlazimisha mtoto kusoma midomo na kutamka, kwa kufuata fikra zilizotawala dunia tangu mkutano wa Milan wa mwaka wa 1880. Ni hadi miaka ya 1980 ambapo ishara zilianza kukubaliwa rasmi madarasani. Mwaka wa 1991 mradi wa utafiti wa Lugha ya Ishara ya Kenya ulianzishwa Chuo Kikuu cha Nairobi, na mmoja wa walioubeba alikuwa marehemu Profesa Okoth Okombo, aliyefariki mwaka wa 2017. Alikuwa mtu mwenye kusikia aliyesisitiza mbele ya wakubwa kwamba ishara za viziwi wa Kenya ni lugha kamili yenye sarufi yake. Matunda ya kazi hiyo na ya juhudi za viziwi wenyewe tunayaona katika Katiba ya 2010. Kifungu cha 7 kinaitaka serikali kuikuza Lugha ya Ishara ya Kenya, na kifungu cha 120 kinaifanya kuwa lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza.

Kwa hiyo mbunge anaweza kuhutubiwa kwa ishara, lakini dada yangu, alipoambiwa hatimaye kwamba mwanawe ni kiziwi, hakupata mtu katika mji ule wa kumfundisha ishara ya "maziwa". Alifundishwa ishara zake za kwanza na fundi viatu mmoja kiziwi, karibu na kituo cha mabasi, aliyemwona mtoto akivutavuta nguo ya mama yake akamtambua kwa mtazamo mmoja. Kila Jumamosi alasiri fundi yule aliweka nyundo chini akawafundisha wote wawili, kwa malipo ya chai. Hakuna jedwali la huduma za kaunti lililomtaja mtu huyo, na kwangu mimi yeye ndiye mtaalamu wa kwanza aliyemfuatilia mtoto huyu. Zaidi ya watoto tisa kati ya kumi walio viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, ambao hawajawahi kuketi na kiziwi mtu mzima hata mara moja. Ushirikiano wowote utakaowaketisha madaktari, wauguzi na walimu mezani bila kumwalika fundi viatu yule utakuwa na upungufu pale panapouma zaidi.

Sisemi kwamba ishara zichukue mahali pa vifaa vya kusikia. Ugomvi baina ya watu wa ishara na watu wa sauti umewala watoto wengi wa dunia hii, nami nimeuchoka. Mtoto apewe vyote vinavyoweza kumfikia, na asikae kimya akingoja kimoja. Mwenye kuhofia kwamba ishara zitamzuia kusema aende akawatazame watoto wa Mombasa wanaokulia lugha tatu bila kupasuka kichwa.

Kwenu walimu wa chekechea na wa gredi za chini sina nasaha nyingi. Ninyi ndinyi mnaopokea watoto ambao mitego yote ya awali imewakosa, pamoja na wale wanaopoteza kusikia baadaye kwa homa ya uti wa mgongo, surua au masikio yanayotoka usaha. Yule mtoto mtulivu wa nyuma ambaye hufanya kila kitu nukta moja baada ya wenzake huenda anawaiga wenzake kwa sababu hakukusikia. Simama mgongoni pake, mwite kwa sauti ya kawaida. Akiwa hageuki siku tatu mfululizo, andika, na karatasi hiyo ipelekwe kituo cha uchunguzi kwa mkono wa mtu mwenye jina. Ukiambiwa utapewa jibu, uliza ni lini.

Na wanafunzi wangu wa isimu wanaotafuta mada za tasnifu, waache kunijia kila mwaka na ngeli za Kiswahili, ambazo nazipenda lakini zimechunguzwa hadi zimechoka. Waende wakaketi siku kumi katika kliniki ya chanjo, waandike maneno halisi wanayoambiwa akina mama na maneno wanayoondoka nayo. Nina hakika kwamba baina ya hayo mawili watapata sura nzima ya tasnifu.

Mpwa wangu sasa ana miaka tisa na yuko katika shule ya bweni ya viziwi. Ni hodari wa hesabu. Kusoma kunampa taabu, na mwalimu wake ananiambia kwamba taabu hiyo inatokana na miaka ile mitatu. Likizo iliyopita alinicheka kwa sababu mikono yangu husema kama mgeni aliyeshuka melini jana. Dada yangu hajawahi kunilaumu kwa yale niliyomwambia katika simu, na sijapata kumwuliza kama anayakumbuka.

Yule mwalimu aliyeuliza swali ameniandikia barua tangu alipofungua shule. Amempata muuguzi wa kliniki ya kijijini kwao, mhamasishaji mmoja wa afya, afisa wa kituo cha uchunguzi cha wilaya, akina mama wawili wenye watoto viziwi, na mzee mmoja kiziwi ambaye ni seremala. Watakutana Jumanne ya wiki ijayo chini ya mwembe wa shule, na ameniomba nije nikiwa na mkalimani. Katika barua ameniwekea ajenda, nayo ina jambo moja tu: mtoto asiporudi, ni nani atakayepiga simu.